Ngoma zetu Moshi: asiyejua Kichagga aingie duarani au akae pembeni?

Mwanzisha mada, Pasua

Wana Moshi, naomba tujadili hili kwa heshima. Jumapili iliyopita ngoma ilipigwa kwenye uwanja wa nyumba moja ya mbege, pombe yetu ya ndizi, huku kwetu. Dada mmoja Mpare, jirani wa miaka mingi, akaingia duarani. Mzee mmoja akamwambia akae pembeni kwa kuwa hajui kuitikia. Akakaa. Baada ya nyimbo mbili akambeba mtoto wake, akaondoka.

Imeniuma sana. Mimi nasema asiyejua aingie, akosee, afundishwe humo humo. Nyie mnaonaje?

Mzee wa Kibosho

Mwanangu, usimlaumu mwenzangu haraka. Ngoma ni maneno. Manju anarusha fumbo, wanaoitikia wanalijibu. Ukijaza watu wanaofumbua midomo tu, fumbo linaanguka chini na manju anachoka. Tumeona mahotelini vijana wakirukishwa mbele ya watalii, nyimbo mbili, wanalipwa, kwisha. Wamisionari wengi waliziita ngoma zetu za kishenzi, na bado wazee walizitunza. Leo tuzigeuze za kupigia picha?

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee. Kuhusu mahotelini niko nawe kabisa. Lakini jirani si mtalii.

Na hicho Kichagga ni kipi? Mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakitaka kuelewana vizuri wanahamia Kiswahili. Kwa kipimo cha lugha, hata sisi kwa sisi tutatoana duarani. Halafu inakuja Desemba, wajukuu wanapanda kutoka Dar na Mwanza, wengi wao hawajui hata kusalimia kwa kikwetu. Nao tuwaweke pembeni? Tukishawazoesha kutazama, nani atashika ngoma sisi tukiondoka?

Mwalimu Nyerere, kwenye hotuba yake bungeni Desemba 1962, alisikitika kwamba wengi tunacheza rumba na chachacha lakini ngoma zetu kama gombe sugu na lelemama hatuzijui. Hakuzitaja za Wazanaki wenzake peke yake. Alitaka ngoma ya Mzaramo imhusu Mchagga, na yetu imhusu huyu dada.

Mama wa Old Moshi

Mimi ni Mpare, nimeolewa huku, huu mwaka wa 19. Mama mkwe alinifundisha viitikio tukimenya ndizi jikoni. Nilivijua kabla sijajua maana yake. Maana ilikuja polepole, na ilikuja kwa sababu nilikuwa naimba. Leo nikikosekana wananiulizia.

Jambo jingine, muanze saa tisa alasiri mmalize jua halijazama. Ngoma ya usiku sisi wenye watoto mmetufungia mlango hata bila kutufukuza.

Mzee wa Kibosho

Mama, hilo la jikoni limenigusa. Basi wanaotaka kujifunza waje saa nane, kabla ya ngoma. Nitakaa nao na kuwaeleza fumbo la kila wimbo, kwa Kiswahili. Kuitikia, waitikie wote. Katikati ya duara bado nasema asimame anayejua, hapo sirudi nyuma. Na simu zikae mfukoni mpaka wimbo uishe.

Mwanzisha mada

Mzee, hilo la katikati tutabishana tukikutana. Saa nane nitakuwepo. Huyo dada nitampitia mwenyewe nyumbani kwake.