Paa la mabati, kioo cha magharibi na kiyoyozi cha BTU 24,000: nianzie wapi?

mwenye_ramani

Wakuu, nahitaji ushauri kabla kenchi hazijapanda. Nyumba ni ya chini, mita 12 kwa 9, karibu na Ikweta, sehemu ya joto yenye unyevu mwingi na usiku usiopoa sana. Kuta zimefika kwenye linta, tofali za saruji zenye matundu. Paa litakuwa la mabati, mteremko nyuzi 20, rangi iliyochaguliwa ni kijivu iliyokolea. Mbele kuna chumba cha ofisi, mita 5 kwa 4, chenye kioo kimoja kinachotazama magharibi, upana mita 2.5 na kimo mita 2.4. Watakaa watu wanne. Muuzaji wa viyoyozi kapendekeza BTU 24,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Nasikia pia tofali nene za udongo zinaleta ubaridi, nikawaza kubomoa ukuta wa magharibi niujenge upya kwa tofali hizo. Fedha haitoshi yote. Kipi kitangulie?

kenchi_na_papi

Paa. Na kwa kuwa hujaezeka, badilisha rangi kwanza, maana hapo hulipi chochote cha ziada. Bati jeupe jipya hurudisha takriban asilimia 70 hadi 80 ya jua. Kijivu iliyokolea hunyonya karibu yote. Usidhani bati la kung'aa lisilopakwa rangi ni sawa na jeupe. Linarudisha mwanga vizuri, lakini halitoi joto lake kwa urahisi, kwa hiyo hubaki la moto.

Cha pili ni foili, yaani karatasi ya alumini inayong'aa, chini ya bati. Bati jeusi adhuhuri linaweza kufika nyuzi 65. Dari ikiwa na nyuzi 40, upande wa chini wa bati huishushia mnururisho (joto linalosafiri kama mwanga) wa wati 160 hivi kwa kila mita ya mraba. Sehemu kubwa ya joto linaloshuka mchana hupita kwa njia hiyo, ndiyo maana dari unaiona inachoma hata kama hewa ya darini inatembea. Weka foili katikati, upande unaong'aa ukitazama chini, na mnururisho huo unashuka hadi wati 10 hivi.

Namna ya kuiweka: tandaza foili juu ya kenchi, kisha gongelea papi za milimita 50 juu yake, kisha bati. Iache ilegee kidogo kati ya kenchi na kenchi, milimita 25 hadi 40, ili umande unaodondoka kutoka kwenye bati alfajiri upite chini ya papi na kuteremkia kwenye gata. Anza kutandaza kutoka chini kwenda juu, na kila safu ya juu iilalie ya chini kwa milimita 150. Paa lako, pamoja na upenu wa sentimita 60 kila upande, lina mita za mraba 143 hivi. Kwa foili ya upana wa mita 1.2 na maungio hayo, unahitaji urefu wa mita 137, yaani roli tatu za mita 60.

Makosa yanayoua kazi hii ni mawili. La kwanza ni upande unaong'aa kugusa bati au dari. Bila nafasi ya hewa upande unaong'aa, alumini inapitisha joto moja kwa moja na umetupa fedha. La pili ni kuilaza juu ya dari, uso ukitazama juu: vumbi likishatua haing'ai tena. Isitoshe, alumini inapitisha umeme. Australia, katika mpango wa serikali wa mwaka 2009, mafundi walikufa kwa umeme wakati pini za chuma za kushikizia foili darini zilipotoboa nyaya. Nyaya zipite ndani ya mabomba, na foili ikae mbali nazo.

kivuli_kwanza

Nakubali kuhusu paa, ila kwa ofisi hiyo kioo ndicho mkubwa wa matatizo. Mita za mraba 6 zikipigwa na jua la jioni la wati 650 kwa mita ya mraba, kioo cha kawaida kikipitisha asilimia 80, unapata wati 3,120 ndani ya chumba. Hizo ni kama BTU 10,600, kioo peke yake. Muuzaji wako naona ndicho alichokikadiria.

Kibaraza hakitakusaidia. Karibu na Ikweta, saa kumi jioni jua liko nyuzi 30 juu ya upeo, na kukinga kioo cha kimo cha mita 2.4 kunahitaji paa lililotokeza mita 4.2. Saa kumi na moja ni mita 9. Mbao za kusimama wima nazo, zikiwekwa pembe mraba na ukuta, zinapitisha jua kwa sababu hapo jua linakipiga kioo karibu uso kwa uso mwaka mzima, halipotoki zaidi ya nyuzi 23 na nusu kaskazini au kusini.

Kinachofaa ni luva za kulala, yaani vibapa vilivyopangwa kwa mlalo, nje ya kioo. Ubapa wa milimita 100 ulioinamishwa nyuzi 45, ukingo wa nje ukiwa chini, na milimita 90 kwa wima kutoka ukingo wa ubapa hadi ukingo wa unaofuata, unazuia jua mpaka litelemke kufikia nyuzi 15, yaani hadi saa kumi na moja. Jua la baada ya hapo ni dhaifu. Acha milimita 150 kati ya luva na kioo ili hewa ya moto ipande na uweze kusafisha. Rangi iwe nyepesi.

Pazia la ndani linasaidia zaidi macho, sehemu kubwa ya joto ilishaingia. Karatasi nyeusi ya kubandika inakifanya kioo chenyewe kinyonye joto, na kama nusu yake iko kivulini na nusu juani, kinaweza kupasuka. Kama kioo bado hakijanunuliwa, kipunguze kiwe kimo cha mita 1.4. Mwanga utabaki wa kutosha na luva zitapungua gharama.

udongo_imara

Tofali za udongo zilizoshindiliwa ni nzuri, hazichomwi kuni na saruji yake ni asilimia 5 hadi 8 tu. Ukuta wa sentimita 30 ungechelewesha joto la jioni.

mhandisi_hewa

Ungelichelewesha mpaka saa ya kulala. Ukuta mzito una faida pale usiku unapopoa sana kuliko mchana, nyuzi 10 na zaidi, ili ukuta utoe joto lake nje. Yeye kasema usiku haupoi. Udongo ni uamuzi mzuri kwa anayeanza msingi leo. Kubomoa ukuta uliosimama ni kutupa saruji iliyokwisha tumika. Piga lipu, paka rangi nyeupe, panda mti au matete mbele yake yaupe kivuli.

Sasa kiyoyozi. Luva zikiwepo, kioo kinabaki na wati 600 hivi. Watu wanne 500, kompyuta na taa 400, kuta na dari 600. Hewa safi ya watu wanne, ikiwa ya joto na unyevu, usiidharau: wati 1,200. Jumla 3,300, sawa na BTU 11,300. Chukua kiyoyozi cha inveta (kinachopunguza kasi badala ya kujizima) cha 12,000. Ile ya 24,000 ingefikisha ubaridi haraka na kupumzika kabla ya kukausha hewa, chumba kinabaki baridi lakini chenye unyevunyevu, na ukungu unaota nyuma ya makabati.

Juu ya dari ya ofisi tu, tandaza pamba ya kioo ya milimita 100, bila kuikandamiza, maana ikibanwa hadi milimita 50 inapoteza karibu nusu ya kazi yake. Kizuizi cha mvuke, yaani karatasi isiyopitisha unyevu, kikae upande wa juu. Vitabu vya nchi za baridi huelekeza chini, kwa sababu kwao unyevu unatoka ndani. Kwako unatoka nje na utageuka maji ukikuta dari ya jipsamu iliyo baridi. Ziba matundu ya taa. Vyumba visivyo na kiyoyozi havihitaji pamba, foili na pangaboi vinatosha.

mwenye_ramani

Asanteni. Luva na foili nimezikubali, ukuta naacha. Swali moja: darini niache matundu ya hewa au nizibe kote?

kenchi_na_papi

Acha. Dari ya mita za mraba 108, gawa kwa 300, unapata mita ya mraba 0.36 ya uwazi halisi. Nusu iwe kwenye upenu, nusu kwenye kofia ya juu; ukiweka juu peke yake, darini patavuta hewa iliyopozwa ya ofisi kupitia nyufa. Wavu wa wadudu unaziba karibu nusu ya uwazi, kwa hiyo kata matundu mara mbili ya hesabu. Foili iishie milimita 50 kabla ya kileleni pande zote mbili, na kofia iteremke milimita 150 juu ya bati kila upande, mdomo wake ukikunjwa chini, la sivyo mvua ya upepo itaingia kwenye huo mwanya na kudondokea moja kwa moja kwenye jipsamu.