Naomba ushauri: White Sox inajengwa upya, kikosi cha Machi kinanitisha, na mwanangu anataka jezi

BabaImani (mleta mada)

Habari za humu ndani, wakuu. Wanaoufahamu mchezo wa besiboli naombeni mnisaidie, maana hapa nyumbani mimi ndiye ninayeulizwa maswali.

Tunaishi Chicago upande wa kusini na timu yetu ni White Sox. Mwanangu ana miaka kumi. Mwaka jana ameiona timu yake ikishinda mechi 41 na kupoteza 121. Hakuna timu ya ligi kuu iliyopoteza nyingi hivyo tangu karne ya ishirini ianze. Zile wiki za Julai na Agosti tulipofungwa mara 21 mfululizo, alikuwa anazima televisheni mwenyewe na kwenda kulala bila kusema neno. Wenzake wengi shuleni ni wa Cubs, timu nyingine ya Chicago, lakini hakuhama.

Sasa ni Machi 2025, mechi za maandalizi zinaendelea kule Glendale, Arizona, na kikosi kinanitia hofu. Garrett Crochet, mrushaji aliyewatoa wapigaji 209 kwa straiki (bila kuupiga mpira) mwaka jana, wamempeleka Boston Desemba. Andrew Benintendi kavunjika mkono hata Februari haijaisha, kapigwa na mpira kwenye mechi isiyo na pointi. Kocha Will Venable ni mpya na hajawahi kuongoza timu ya ligi kuu. Kwenye safu ya warushaji wa kuanza naona Davis Martin, Jonathan Cannon, Sean Burke, mkongwe Martín Pérez, na kijana Shane Smith ambaye hajarusha mpira hata mmoja ligi kuu.

Maswali yangu mawili. La kwanza, hawa chipukizi tunaosifiwa kila siku, kwa nini wasiingizwe kikosini sasa hivi? Tumeshafika chini kabisa, tunaogopa nini? La pili ni la nyumbani. Nimemwahidi mtoto jezi kabla ya mechi ya ufunguzi tarehe 27. Anamtaka Luis Robert Jr. Kila gazeti linasema Robert atauzwa. Niandike jina la nani mgongoni?

Nawasilisha.

Mtaa wa 35

Karibu mkuu. Naanza na la Arizona.

Matokeo ya Machi usiyabebe moyoni. Hewa ya kule ni kavu, mpira unaruka mbali kuliko utakavyoruka Chicago mwezi Aprili kwenye baridi. Mrushaji anaweza kuamua leo anajaribu mpira mmoja tu mpya, anaurusha tena na tena, anapigwa homurani tatu (mipira inayopigwa nje ya uwanja) na anatoka uwanjani ameridhika. Ikifika inningi (kipindi) ya sita kati ya tisa, nusu ya wanaocheza ni vijana wenye namba za tisini mgongoni ambao wiki ijayo watarudishwa ligi ndogo. Ukisoma matokeo ya mwisho unasoma mchezo wa watu wengine.

Mwambie kijana aangalie mambo mawili. Mrushaji, je, kasi yake imepanda au imeshuka kulinganisha na mwaka jana? Mpigaji, je, anaiacha mipira mibovu ipite? Hayo mawili hayadanganyi sana hata Machi.

DadaTunu

Naungana na Mtaa wa 35, ila kuhusu warushaji hofu ya mleta mada ina msingi.

Martin alirudi mwaka jana baada ya upasuaji wa kiwiko na bado anajijenga. Cannon alipata mechi nyingi 2024, alipigwa, akajifunza. Burke alivutia sana Septemba lakini Septemba ni wiki chache. Pérez ni mtu wa kubeba inningi ili vijana wasichoke, na amelipwa mkataba wa mwaka mmoja tu. Drew Thorpe, aliyekuja na dili la kumtoa mrushaji Dylan Cease, alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Septemba iliyopita. Ky Bush naye kiwiko kimeshaondoka naye, msimu umekwisha kabla haujaanza. Kwa hiyo ukihesabu unaona safu ina watu watano na nyuma yao hakuna ukuta.

Huyo Shane Smith ndiye ninayemfuatilia kuliko wote. Milwaukee hawakumlinda kwenye orodha yao ya wachezaji 40, White Sox wakamchukua wa kwanza kabisa kwenye ule uteuzi wa Desemba wa wachezaji wasiolindwa. Sharti lake ni gumu: lazima akae kwenye kikosi cha watu 26 msimu mzima. Ukimshusha ligi ndogo, unalazimika kwanza kumrudisha kwa wenyewe. Timu inayopigania ubingwa haiwezi kumbeba kijana wa namna hiyo, hawana nafasi ya mtu anayejifunza. Sisi tunayo. Ndiyo faida pekee ya kuwa chini na ni faida ya kweli, tuitumie.

Mkenya wa Minnesota

Mimi ni wa Twins, tuko kundi moja na nyinyi, kwa hiyo nawaona mara nyingi.

Swali la kwanza la BabaImani jibu lake liko kwenye kalenda. Mchezaji akikaa ligi kuu siku 172 anahesabiwa mwaka mzima wa utumishi. Akifikisha miaka sita yuko huru kwenda anakotaka. Msimu una siku chache tu zaidi ya hizo 172, hivyo klabu ikimchelewesha kijana wiki mbili au tatu mwezi Aprili, inapata naye mwaka wa saba. Mnajengwa mpate ushindi 2027 au 2028. Kwa nini umlipe mwaka mzima wa 2025 wakati mtapoteza mechi mia?

Makubaliano ya 2022 yalijaribu kulizuia hilo. Kijana anayetajwa kwenye orodha kubwa za chipukizi akimaliza wa kwanza au wa pili kwenye tuzo ya mgeni bora wa ligi, anapewa mwaka mzima hata kama walimchelewesha. Lakini hesabu ile ya zamani haijafa.

BabaImani

Mkenya, hesabu nimeielewa na ndiyo inayonichoma. Mimi nalipia tiketi mwaka huu, silipii 2028. Mtoto wangu ana miaka kumi mwaka huu. Anapoambiwa kijana mzuri yupo lakini ameachwa Charlotte, timu yetu ya ligi ndogo ya juu kabisa, kwa ajili ya kalenda, nimweleze nini?

Mtaa wa 35

Baba, si wote wanaachwa kwa kalenda. Mchukue Colson Montgomery, shotistopu wetu (mlinzi wa kati ya beisi ya pili na ya tatu), chaguo letu la kwanza kwenye drafti ya 2021, ule uteuzi wa vijana wapya. Mwaka jana kule Charlotte alipiga .214, yaani alifanikiwa kama mara moja tu kati ya tano. Huyo hakuzuiwa na hesabu za mtu, bado anahangaika na mipira ya kasi ya ndani, na mgongo umemsumbua. Ukimleta sasa mbele ya watu elfu ishirini, akashindwa mwezi mzima, kesho yake kila mtu anasema hafai. Nimeona vijana wakiharibiwa hivyo hapa hapa kwetu. Aachwe apige mpaka awe na njaa ya kupanda.

Noah Schultz na Hagen Smith, wote wanarusha kwa mkono wa kushoto, wote ni wa hatari. Lakini Schultz wamekuwa wakimpimia inningi kwa uangalifu, na Smith ametoka chuo kikuu cha Arkansas mwaka jana tu. Mikono hiyo ndiyo mali yetu kubwa. Haraka ya nini?

DadaTunu

Hapo kwa Schultz nakubali. Kwa wapigaji walio tayari sikubali. Chase Meidroth, mmoja wa wale wanne waliotoka Boston, mwaka jana ligi ndogo ya juu kabisa alitembezwa beisi ya kwanza (kwa kuiacha mipira mibovu) mara nyingi kuliko alivyotolewa kwa straiki. Ni wachache mno wanaoweza hivyo. Timu iliyomaliza ya mwisho kwa pointi msimu uliopita inamhitaji mtu wa namna hiyo leo, wala si Juni.

PapaRogersPark

Ndugu zangu, mimi ni Mkongomani wa kaskazini mwa mji, kwetu Rogers Park ni Cubs. Msinifukuze, nimekuja kwa heri.

Cubs walipoteza mechi 101 mwaka 2012. Mwaka 2016 walibeba ubingwa. Astros walipoteza 111 mwaka 2013, wakabeba 2017. Baltimore walipoteza 110 mwaka 2021 na 2023 wakashinda 101. Watoto waliokaa na timu hizo wakati wa mateso leo ni wakubwa na wanajivunia.

Kuhusu jezi: usimnunulie ya mchezaji ambaye anaweza kwenda. Mtoto atalia mara mbili.

BabaImani

Asante Papa, heri yako nimeipokea. Lakini mifano hiyo yote ina kitu ambacho sikioni kwetu. Kansas City walipoteza 106 mwaka 2023 na mwaka jana wakaingia mchujo, ndiyo. Lakini walitoa fedha. Walimfunga Bobby Witt Jr. kwa mkataba mrefu wa mamilioni, wakanunua warushaji wawili wazima. Sisi mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu ni ule wa Benintendi, dola milioni 75. Majira haya ya baridi tumesajili watu wa mwaka mmoja mmoja. Halafu tumepoteza 121 na hata chaguo la kwanza la drafti hatupati!

Mkenya wa Minnesota

Hilo la drafti linaumiza watu wengi na wachache wanalielewa. Klabu ya mji mkubwa, ambayo haipokei mgawo wa mapato kutoka kwa wenzake, hairuhusiwi kuingia kwenye bahati nasibu ya drafti miaka miwili mfululizo. White Sox waliingia mwaka jana, wakachagua wa tano, wakampata Hagen Smith. Mwaka huu hawawezi kuchagua juu ya nafasi ya kumi. Sheria iliwekwa ili klabu tajiri zisipoteze makusudi. Kwa hiyo kupoteza kwenu kwa mwaka jana hakukuwapa chochote zaidi ya maumivu, na hapo mleta mada yuko sahihi kumdai mwenye timu. Jerry Reinsdorf anaimiliki tangu 1981, fedha si ngeni kwake.

Kocha wa Kampala

Nawafundisha watoto besiboli huku, kwa hiyo nachangia upande wa mtoto. Vijana wawili wa Uganda walisajiliwa na Dodgers mwaka 2022, na Dodgers wanafanya mazoezi kwenye viwanja hivyo hivyo vya Glendale pamoja na White Sox. Tangu hapo watoto wangu wameacha kuuliza nani bingwa. Wanauliza kijana fulani amefika daraja gani. Mpe mwanao chipukizi mmoja wa kumfuata tangu chini. Schultz amesoma sekondari hapo hapo Illinois, ni mtoto wa nyumbani kwenu. Mwaka jana alikuwa Birmingham, timu yenu ya ligi ndogo, na Birmingham walibeba ubingwa wa ligi yao mwaka ule ule timu kubwa ilipokuwa inapoteza 121. Je, mwanao anajua hilo?

BabaImani

Hakujua. Nimemsomea jibu lako sasa hivi, kaniuliza Birmingham iko wapi na tumeitafuta kwenye ramani.

MamaSalome

Niseme la jezi, maana wanaume mmeliacha njiani.

Robert mkataba wake mwaka huu ni dola milioni 15, na klabu ina hiari ya kumbakiza 2026 na 2027 kwa milioni 20 kila mwaka. Kwa mtu aliyepiga homurani 38 mwaka 2023 hiyo ni bei nzuri, lakini mwaka jana alicheza mechi 100 tu, akapiga 14. Meneja mkuu Chris Getz hawezi kumtoa sasa kwa bei ya chini. Atasubiri aone anavyoanza, na dirisha linafungwa tarehe 31 Julai. Kwa hiyo mtoto akivaa jina la Robert, huenda ana miezi minne tu.

Mnunulieni namba 9, Minnie Miñoso. Mcuba mweusi, alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya White Sox, Mei 1951, na mara ya kwanza kushika gongo kwa timu hii alipiga homurani dhidi ya Yankees. Namba yake imestaafishwa, sanamu yake iko uwanjani, na 2022 aliingizwa kwenye jumba la magwiji. Huyo hauzwi na mtu. Na mtoto wetu wa Kiafrika akiulizwa shuleni ni nani huyo, atakuwa na cha kuwaeleza.

Mtaa wa 35

Mama Salome, heshima yako. Niliwahi kumwona mzee Miñoso akisalimiana na watoto pale uwanjani, hakuwa na haraka na mtoto yeyote.

BabaImani

Mama Salome, shikamoo, na hilo nimelichukua kama lilivyo. Nimemwonyesha picha zake, amekubali bila ubishi. Jezi ni namba 9.

Nina moja la mwisho. Kwenye dili la Crochet tumempata Kyle Teel, mdakaji. Lakini Edgar Quero tuliyemtoa Angels 2023 naye ni mdakaji na yuko karibu kupanda. Kwa sasa wapo Korey Lee na Matt Thaiss. Wadakaji wawili chipukizi wa nini, wakati beisi ya kwanza tuna Andrew Vaughn ambaye kila mwaka tunasubiri alipuke?

DadaTunu

Wadakaji hawatoshi kamwe, kaka. Ni kazi ya kuchuchumaa kutwa nzima, magoti na vidole vinakwisha, hakuna anayedaka mechi zote. Teel anapiga kwa kushoto, Quero anapiga pande zote mbili. Siku mmoja anadaka, mwingine anaweza kupiga tu bila kusimama uwanjani, na gongo lake usilipoteze. Ukiwa na warushaji wachanga kama Burke, Shane Smith na baadaye Schultz, ni bora wakue na mdakaji wa rika lao anayewajua. Namuona Quero akitangulia kupanda kwa sababu ameanza mapema zaidi, Teel anafuata kabla ya katikati ya msimu.

Vaughn mimi nampa mpaka mwisho wa Mei. Akiwa hajapiga, nafasi ile wapewe wengine, Miguel Vargas akiwa wa kwanza kujaribiwa.