Naomba ushauri: kupanda Camelback, Arizona, mwezi wa saba nikitokea Mwanza

Mpanda Majabali
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa saba nina mafunzo ya kikazi ya wiki tatu Phoenix, Arizona. Hapa Mwanza napanda vilima karibu kila mwisho wa wiki, kwa hiyo miguu ipo. Nataka kupanda mlima Camelback kwa njia ya Echo Canyon, Jumamosi ya kwanza baada ya kufika. Nibebe maji kiasi gani, nianze saa ngapi, nivae nini, na nijiandaeje nikiwa bado huku? Nina miaka 41, presha na sukari viko sawa. Jua tumelizoea, lakini nyuzi 43 sijui mwili unazipokeaje.

Mkazi wa Tempe
Karibu sana mkuu. Njia yenyewe si ndefu. Ni kama kilomita 2 kwenda, unapanda mita 385 hivi, na kilele kiko mita 824 kutoka usawa wa bahari. Kwa mtu wa miamba ya Mwanza ni saa mbili na nusu kwenda na kurudi bila haraka. Ufupi huo ndio unaoponza watu. Wanakiona ni kilima cha mjini, wanabeba chupa moja ya nusu lita.

Sasa linganisha joto. Julai Mwanza mchana ni kama nyuzi 28. Julai Phoenix, wastani wa joto la usiku, lile la chini kabisa, ni kama 29. Alfajiri yao inaanzia pale mchana wetu unapoishia. Mwaka 2023 walikaa siku 31 mfululizo, 30 Juni hadi 30 Julai, kila siku ikifika nyuzi 43 au zaidi, na kuna usiku mwingi ambao haukushuka chini ya 32. Mabango ya kule yanaandika kwa Farenhaiti: toa 32, gawa kwa 1.8. Ukiona 110, hiyo ni 43.

Jambo la pili ni sheria. Tangu 2021 mji wa Phoenix hufunga njia za Camelback na za kilele cha Piestewa siku ambazo idara ya hali ya hewa imetoa onyo la joto kali. Hufungwa asubuhi, hufunguliwa saa 11 jioni. Saa ya kufunga asubuhi imekuwa ikibadilishwa, kwa hiyo angalia tovuti ya mji siku moja kabla. Usiku nako hakuna ruhusa, njia za Camelback ni kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama. Julai jua huchomoza kama saa 11 na nusu alfajiri. Uwe langoni muda huo, na saa 2 asubuhi uwe umeshashuka.

Nyanda wa Ilemela
Wakuu, naona mnamtia hofu bure. Vijana wanabeba magunia pale Kirumba Mwaloni saa saba mchana na hawaanguki. Akibeba lita tano za maji anapanda hata saa sita. Cha muhimu ni maji tu.

Tabibu wa Kanda
Kaka Nyanda, kwa heshima zote, hapo kwenye "maji tu" ndipo watu wanapopotezea maisha. Nieleze sababu, maana akiielewa hatahitaji kukariri masharti.

Misuli inapopanda mlima, kama robo tu ya nguvu inayotumia ndiyo inayokuinua. Iliyobaki yote ni joto linalobaki mwilini. Pale Mwaloni hewa ina nyuzi 28, ngozi ina kama 35, na upepo wa ziwa unavuma. Joto linatoka mwilini kwenda hewani lenyewe, jasho linasaidia juu yake. Kwenye nyuzi 43 mambo yanageuka: hewa ina joto kuliko ngozi, kwa hiyo upepo unakuongezea joto, jua linaongeza, na mwamba ulioanza kupigwa na jua tangu asubuhi unaongeza kutoka chini. Njia pekee ya kupoa inayobaki ni jasho kukauka.

Na jasho lina kikomo. Mtu mzima akipanda kwa nguvu kwenye joto hilo anaweza kutoa lita moja hadi moja na nusu kwa saa, wengine zaidi. Tumbo na utumbo haviwezi kupokea kiasi hicho kwa saa nyingi, ukipita lita moja kwa saa huanza kuleta kichefuchefu. Lita tano mgongoni hazibadilishi hesabu hiyo. Tena ni kilo tano za kupandisha, nazo zinazalisha joto zaidi.

Ukavu nao unadanganya. Huku kwetu shati likilowa unajua umetoa jasho. Jangwani jasho linakauka papo hapo, ngozi inabaki kavu na chembechembe za chumvi, na mtu anasema "mbona sitoki jasho". Ameshapoteza lita mbili.

Mpanda Majabali
Asante sana Tabibu. Basi kwa saa mbili na nusu hizo za asubuhi ninywe vipi? Na chumvi?

Tabibu wa Kanda
Beba lita 3 za kunywa na lita 1 ya kujimwagia. Kunywa nusu lita hadi robo tatu kwa saa, mafunda machache kila dakika 15, na usizidishe lita moja kwa saa hata kama maji yapo. Geuka kabla maji ya kunywa hayajafika nusu, popote ulipo, hata kama kilele unakiona.

Maji matupu mengi mno pia ni hatari. Sodiamu inashuka kwenye damu, kichwa kinauma, unatapika, vidole vinavimba, unachanganyikiwa, na mwenzako akidhani umepungukiwa maji anakuongezea sumu. Tofauti ya kuangalia: aliyezidisha maji amekuwa akinywa mfululizo, anakojoa mara kwa mara mkojo mweupe. Aliyepungukiwa ana mkojo mchache wa rangi ya chai. Kwa hiyo katika lita tatu, lita moja iwe na ORS, pakiti moja ile ya dukani kwa lita kamili. Usiikoroge kwenye nusu lita ili "iwe kali", itavuta maji kuingia tumboni na utaharisha. Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Vidonge vya chumvi achana navyo, karanga za chumvi zinatosha.

Siku ya kupanda usimeze diklofenaki wala ibuprofeni "kuzuia maumivu". Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na joto limeshaipunguza. Dawa za mafua na mzio zinazosinzisha hupunguza jasho. Na kama umetoka kuharisha au malaria wiki hiyo, usipande.

Kitu kimoja kinachotuhusu sana watu wa Kanda ya Ziwa: selimundu. Wengi huku wanabeba kinasaba kimoja bila kujua kwa sababu hawaumwi. Mwenye kinasaba hicho akijitumikisha sana kwenye joto akiwa amepungukiwa maji, chembe za damu zinaweza kubadilika umbo na misuli ikaanza kufa. Pima kabla ya safari. Ukikutwa nacho haina maana usipande, maana yake ni kwenda polepole, kupumzika mara nyingi, na kuacha mara tu misuli inapoishiwa nguvu kwa namna usiyoizoea.

Dada wa Capri Point
Kaka Mpanda, mimi niongelee maandalizi. Mwili huchukua siku 7 hadi 14 kulizoea joto. Maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema na linakuwa na chumvi pungufu. Faida hiyo hupungua haraka ukiacha mazoezi, kwa hiyo anza wiki mbili kabla ya ndege, si miezi mitatu kabla.

Juni huku hakuna joto la kutosha, itabidi ulitengeneze. Panda barabara ya kilima cha Bugando au zile ngazi za mawe kati ya nyumba za Mabatini, saa nane mchana, dakika 60 hadi 90, ukiwa na sweta jepesi juu ya fulana. Sweta, si nailoni wala mfuko wa plastiki, hivyo vinazuia jasho kukauka kabisa. Usiende peke yako, na ukisikia kizunguzungu au ubaridi wa ghafla vua na ukae kivulini.

Jipime uzito bila nguo kabla na baada. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, jumlisha na ulichokunywa. Ukipungua kilo 0.9 na ulikunywa nusu lita kwa saa moja, jasho lako ni lita 1.4 kwa saa. Hiyo ndiyo namba yako, inafaa kuliko kukisia.

Mavazi: shati la mikono mirefu, pana, rangi nyeupe au ya maziwa, na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kapelo inaacha masikio na shingo. Na hapa nitatofautiana na vikundi vyetu vya Kilimanjaro wanaokataza pamba. Kwenye baridi pamba iliyolowa ni hatari kweli. Kwenye joto kavu inakaa na maji muda mrefu na kukupoza inapokauka. Chukua kanga moja, ikate vipande viwili, kimoja kiloweshe na kukifunga shingoni, kingine kifunike kichwa chini ya kofia. Vikikauka, vimwagie ile lita ya nne.

Fundi wa Mlango Mmoja
Mzee, kagua viatu. Buti nyingi za mitumba za kupandia milima zina soli ya katikati ya aina inayooza kwa unyevu ikikaa ghalani miaka mingi. Kwa nje zinang'aa. Bonyeza kwa kucha pembeni ya soli, juu kidogo ya raba ya chini. Ikibaki na shimo au kumomonyoka kama keki, usinunue. Kunja kiatu kwa nguvu uone mipasuko midogo. Hata gundi nzima hulegea mwamba ukiwa na joto la nyuzi 60 na zaidi, kwa hiyo beba gundi-tepu mita mbili, izungushe kwenye chupa ya maji. Soli ikibanduka, funga mizunguko mitatu mbele na mitatu katikati, utashuka salama.

Mkazi wa Tempe
Naongeza ya vifaa. Echo Canyon ina vyuma vya kushikilia sehemu zenye mwinuko mkali, na jua likishavipiga vinachoma mkono. Beba glavu nyepesi. Mfuko wa maji wenye mrija ni mzuri, tatizo huoni umebakiza kiasi gani, na maji yaliyo kwenye mrija yanachemka. Ukimaliza kunywa, puliza yarudi ndani. Mimi napendelea chupa zinazoonyesha, kwa ajili ya ile kanuni ya nusu. Moja igandishe usiku, itayeyuka njiani.

Simu iweke ndani ya begi ikiwa imegusana na chupa hiyo, kwenye mfuko wa plastiki. Nyingi hujizima zikipata joto sana, na utaihitaji kwa namba 911.

Mwana Ukerewe
Swali langu la nyongeza: akiwa na mwenzake, na mwenzake akaanguka?

Tabibu wa Kanda
Swali zuri. Kuna hatua mbili, usizichanganye.

Uchovu wa joto: kichwa kuuma, kichefuchefu, udhaifu, jasho jingi, lakini akili iko sawa. Mkalishe kivulini, mlegeze nguo, mloweshe, mpe ORS kwa mafunda madogo. Akipata nafuu mnashuka. Hakuna kuendelea kupanda siku hiyo.

Kiharusi cha joto: akili inabadilika. Anaongea visivyoeleweka, anakasirika bila sababu, anayumba, anaanguka. Joto la ndani limefika nyuzi 40 au zaidi. Usisubiri jasho likauke ndipo uamini, aliyekuwa anapanda mlima anaweza kuwa bado analowa. Piga 911, kisha poza hapo hapo, usianze kumbeba. Kinachoamua kama atapona ni muda ambao ubongo unakaa kwenye joto hilo, na lengo ni kumshusha ndani ya nusu saa. Mvue, mmwagie maji yote yaliyopo mwili mzima, mpepee bila kuacha kwa kofia au kanga, barafu ya ile chupa iende shingoni, kwapani na kinenani. Usimpe kitu mdomoni kama amechanganyikiwa, kitaingia kwenye mapafu. Paracetamol haisaidii, hii si homa.

Mpanda Majabali
Nimeelewa, na nimeghairi Jumamosi ya kwanza. Vipi basi nipange wiki zangu tatu?

Mkazi wa Tempe
Wiki ya kwanza tembea tambarare alfajiri, dakika 45 hadi saa moja, kila siku. Jumamosi ya pili, badala ya Camelback nenda Flagstaff, kama kilomita 230 kaskazini. Mji uko mita 2,100, mchana wa Julai ni kama nyuzi 27, hali ya hewa ya nyumbani kabisa. Huko utapanda kwa raha, mradi ujihadhari na ngurumo. Julai ni msimu wao wa mvua za mchana, na radi hupiga vileleni. Kwa mtu wa ziwa hilo halihitaji maelezo: uwe umeshuka chini ya mstari wa miti, yaani pale juu miti inapoishia, kabla ya saa sita.

Camelback iwe Jumamosi ya tatu, na iwe tu kama utabiri wa joto la juu kabisa la siku hiyo uko chini ya 43 na hakuna onyo lililotolewa.

Nyanda wa Ilemela
Nimejifunza, Tabibu, asante. Na Grand Canyon? Nasikia iko upande huo huo.

Mkazi wa Tempe
Kutoka Flagstaff ni kama saa moja na nusu kwa gari. Pale mpangilio umegeuzwa: unaanza kwa kushuka, kwenye ubaridi, ukiwa na nguvu, halafu kupanda kunakuja mwisho, mchana, ukiwa umechoka. Chini bondeni huwa na joto zaidi ya nyuzi 10 kuliko ukingoni. Walinzi wa hifadhi wanashauri majira ya joto usiwe njiani ndani ya bonde kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Kupanda kunachukua takriban mara mbili ya muda wa kushuka, kwa hiyo ukishuka dakika 40, tenga dakika 80 za kurudi, na uanze kurudi mapema kiasi kwamba saa 4 ikikukuta uko ukingoni. Maji ya bomba yaliyopo baadhi ya vituo hukatika bomba likipasuka. Uliza ofisi ya walinzi asubuhi hiyo kabla hujashuka.