Mjadala: Je, anayejifunza programu aachiwe akili unde imrekebishie makosa?

Mtoa hoja, Kondele, Kisumu:
Wenzangu, naomba tulijadili hili waziwazi. Jioni huwa nasaidia vijana kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, na msimamo wangu ni kwamba wasikimbilie akili unde kabla hawajausoma wenyewe ujumbe wa kosa.

Wiki jana tulikuwa na jumbe za wachuuzi wa samaki wa Dunga, Kiswahili na Dholuo vikichanganyika. Tulitaka kuzigeuza kuwa vekta, yaani orodha ndefu za namba zinazobeba maana, ili ukitafuta "omena imepanda bei" upate hata aliyelisema kwa maneno mengine. Programu ikagoma ilipokuwa ikipima urefu wa kila ujumbe:

`TypeError: object of type 'float' has no len()`

Kijana mmoja akaipelekea akili unde mstari huo, akaambiwa kila ujumbe aupitishe kwenye `str()`, inayogeuza kitu kuwa maandishi. Programu ikaenda hadi mwisho, wakapiga makofi.

Balaa likaanzia hapo. Pandas, maktaba ya Python ya kusomea majedwali, husoma kisanduku kitupu kama NaN, alama ya thamani isiyokuwepo, na NaN kwa Python ni namba ya desimali (`float`). Si maandishi, basi haina herufi za kuhesabu. Ukiipitisha kwenye `str()` inageuka neno "nan". Kila kisanduku kitupu kikapata vekta, zote sawasawa, zikarundikana pamoja kana kwamba ni wachuuzi wenye kilio kimoja. Na hapakuwa tena na ujumbe wowote wa kututahadharisha.

Mchangiaji, Milimani:
Ndugu, hapo napinga. Wengi hawana mwalimu nyumbani, na ujumbe wenyewe ni Kiingereza cha mafundi. Saa nne usiku nani atamfafanulia? Ukimfungia mlango huo, ataacha kabisa.

Mtoa hoja:
Kuhusu lugha umenishinda, nakubali. Basi aulize ujumbe una maana gani, asiombe dawa. Kisha aandike `df[df["ujumbe"].isna()]` (`df` ni jedwali letu la jumbe) aione mistari yenye visanduku vitupu kwa macho yake.

Kijana wetu nilimrudisha kwenye jedwali afanye hivyo, naye ndiye aliyegundua: visanduku vile vitupu vilikuwa vya akina mama waliotuma sauti badala ya kuandika. `dropna()`, amri ya kufuta mistari yenye visanduku vitupu, ingewafuta wote. Tumevitenga kando, na jioni hizi tunasikiliza sauti moja moja na kuziandika.