Gundi ipi ya kushikisha kijazo cha jino huvuja kidogo: ya kusuuza asidi au ya chupa moja?

Chonge: Wakuu, naagiza gundi leo. Nichukue ile ya asidi, kusuuza, praima (ya kuandaa jino) na bondi (ya kunatisha), au ya chupa moja yenye vyote? Nachoka na mstari wa kahawia ukingoni mwa kompoziti, kijazo cha resini.

Gego6: Ukingo upi, mkuu? Juu kwenye enameli, gamba gumu la jino, au chini ya ufizi? Mate unayazuia kwa kitu gani?

Chonge: Magego, katikati ya meno. Chini umefika kwenye mzizi. Pamba tu.

Kwanja: Huko chini hakuna enameli. Chukua ya hatua mbili inayobeba asidi yake, yenye MDP, kemikali ya kunata. Inashikana na kalsiamu ya dentini, tabaka lililo chini ya enameli. Enameli peke yake ipake asidi ya fosforiki 37%, sekunde 15 hadi 30, suuza, kausha hadi iwe nyeupe kama chaki.

Gego6: Ya kusuuza ikitumiwa vizuri haina mpinzani.

Kwanja: "Vizuri" ndiyo kesi yenyewe. Dentini ikishapakwa asidi (isizidi sekunde 15), ukiipuliza mpaka ikauke, nyuzi za kolajeni zinalaliana kama nywele zilizotoka majini. Gundi haipenyi, jino linauma likiguswa na baridi. Ukiacha dimbwi, maji yanabaki ndani ya bondi. Ifutwe kwa pamba iliyokamuliwa, ing'ae bila kutiririka.

Msuaki: Chupa moja inaonewa. Watu wanaigusisha tu! Sugua sekunde 20, puliza taratibu hadi utando uache kutembea, kisha taa ya kugandisha sekunde 10. Na tone lisikae kwenye kisahani, kiyeyushi kinaruka.

Gego6: Hata ikigandishwa bado inapitisha maji ya dentini. Na asidi yake inagombana na kompoziti inayojigandisha bila taa.

Msuaki: Nani kataja hiyo?

Kwanja: Mnagombea chupa, kumbe kompoziti yenyewe husinyaa 2 hadi 3%. Ukijaza milimita 4 kwa mpigo kwa kompoziti ya kawaida, taa ikiwa mbali, sakafu haigandi sawasawa na ukingo wa chini unabanduka. Tabaka zisizidi milimita 2. Pamba nayo ikilowa kabla ya bondi, hakuna gundi itakayokuokoa. Funga mpira wa kuzuia mate.

Chonge: Mpira haushiki, ukingo umezama mno. Nikitanguliza glasi-ionoma, saruji ya meno, chini?

Gego6: Ya kawaida au yenye resini?

Msuaki: Kwanza useme ukingo umezama milimita ngapi.