Kuhama Lubumbashi kwenda kukaa Kalemie: nyumba, umeme na maji vinaendaje?

Mwana_Kamalondo
Hodi wakubwa. Mimi na mke wangu tunafanya uhasibu kwa kompyuta. Mabosi wako hapa Lubumbashi na Kinshasa, ofisini tunatakiwa mara moja kila miezi mitatu. Vumbi la malori na foleni vimetuchosha. Tunataka kuhamia Kalemie, nyumba inayotazama Ziwa Tanganyika. Tununue parseli (kiwanja) moja kwa moja au tupange kwanza? Umeme unatosha kazi ya saa nane kila siku? Vyombo vipite njia gani? Semeni bila kutupamba.

Mpima_Parseli
Ndugu, msinunue. Pangeni kwanza, na nyumba mwende kuiangalia mwezi wa nne au wa tano. Wengi huenda kiangazi kinapoisha: ziwa limeshuka, mchanga umepanuka, kila parseli inapendeza. Tanganyika hupanda na mvua, hufika juu kabisa karibu mwezi wa tano, kisha hushuka mpaka wa kumi au kumi na moja. Kwa mwaka wa kawaida tofauti ni kama sentimita 80. Mwaka 2021 na 2024 lilipita hapo, na maji yakaingia mitaa ya kando. Ziwa lote hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, na mlango wenyewe uko hapo hapo Kalemie. Stanley alipofika 1876 aliukuta umeziba kwa mchanga na matete.

Mkifika kwenye nyumba, waacheni komisioneri (dalali) na maneno yake, inameni mtazame ukuta chini. Mstari wa matope, rangi iliyovimba, unga mweupe kwenye plasta: maji yamekwisha kukaa humo. Kisha fungeni jiwe kwenye kamba, mlishushe kisimani, mpime kutoka usawa wa ardhi hadi maji. Karibu na ufuko, maji ya kisima hufuata ziwa. Kama mwezi wa kumi yako mita moja chini, mwezi wa tano yanaweza kufika karibu na uso wa ardhi, na shimo la choo likachanganyika na kisima.

Garanti (amana ya kupanga): sheria ya mwisho wa 2015 inasema kwa nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu. Mtaombwa sita au zaidi. Shikilieni mitatu, mkataba uandikwe, risiti itolewe.

Siku mtakayotaka kununua, kumbukeni sheria ya 1973: ardhi ni ya Serikali, mnachonunua ni haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na certificat d'enregistrement (hati ya usajili) peke yake. Fishi (karatasi) ya parseli kutoka komini au barua ya shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) haitoshi. Chukueni namba, nendeni ofisi ya titres immobiliers (hati za ardhi), iangaliwe kwenye daftari kabla ya kutoa hata faranga moja ya avansi.

Fundi_Kampemba
Umeme wa Kalemie unatoka kituo cha maji cha Bendera, mbali upande wa kaskazini. Laini ndefu namna hiyo ikikatika sehemu moja, mji unabaki gizani. Pigeni hesabu ya umeme wa jua kana kwamba laini haipo.

Kompyuta mbili za wati 50 kwa saa 8 ni wati-saa 800. Antena ya intaneti ya satelaiti, wati 60 kwa saa 10, ni 600. Feni (Kalemie kuna joto, si kama hapa) 300, taa na simu 150. Jumla 1,850, ongezeni kinachopotea kwenye inveta (kigeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani), mnafika kama 2,200. Wakati wa mvua hesabuni saa 4 tu za jua kamili: 2,200 gawanya kwa 4 ni wati 550. Wekeni 800, yaani pano (paneli za jua) mbili za 400, kwa sababu ya vumbi na mawingu. Kalemie iko kusini mwa ikweta, basi pano zitazame kaskazini, zilale nyuzi 10 hadi 15 mvua izioshe.

Betri ya litiamu ya volti 25.6, Ah 100, inabeba wati-saa 2,560. Za risasi mtahitaji karibu mara mbili, maana ukizishusha chini ya nusu kila siku zinakufa mapema. Kosa ninalolichukia ni watu kubaki kwenye volti 12 na waya mwembamba: inveta ya wati 1,000 inavuta zaidi ya ampea 80 hapo, waya wa mm² 6 unayeyuka. Pasi na jiko la umeme visahauni. Chakula kipikwe kwa makala (mkaa).

Bati za paa zisiwatishe. Tanganyika ni maji matamu, hakuna chumvi ya kuzila kama pwani ya bahari.

Kirongozi_RN5
Betri hiyo haipandi ndege ya abiria. Mwisho ni wati-saa (Wh) 160, tena kwa ruhusa ya kampuni. Itumeni kwa lori kupitia Kasomeno, Pweto na Pepa, kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Baada ya hapo tope la kule juu linashikilia lori siku nyingi. Treni ya Kamina na Kabalo inafaa kwa vitanda na makabati, kama hamna haraka.

Mwana_Kamalondo
Aksanti sana. Mke wangu anauliza maji ya kunywa, na watoto kuogelea.

Mama_Ruashi
Mwanangu, kipindupindu Kalemie kinarudi mara kwa mara, kwa hiyo maji ya bomba na ya ziwa yatibuni sawasawa. Javeli (dawa ya klorini ya kufulia) isiyo na manukato, ya asilimia 5: matone 2 kwa lita, 40 kwa bidoni (dumu) ya lita 20. Yakiwa na vumbi chujeni kwa kitambaa, mtie mara mbili. Subirini dakika 30, funueni, nuseni. Harufu kidogo ya javeli lazima iwepo. Ikikosekana rudieni dozi. Chupa iliyokaa miezi mingi imekwisha nguvu.

Watoto waoge penye mawimbi na mchanga mtupu. Kwenye matete na maji yaliyotulia kuna konokono wa bilharzia (kichocho), na upande wa mlango wa Lukuga kuna mamba.