Dokta anafunga, hesabu ya mopu haijatimia: nesi aseme nini?

Zamu_ya_Usiku: Wadau wa thieta, naomba mwongozo. Upasuaji wa dharura wa uzazi, dokta ameshaanza kushona mfuko wa uzazi, hesabu ya mopu (vitambaa vya kunyonya damu tumboni) haijatimia. Nesi mgeni aseme nini bila kuonekana hana adabu?

Gauni_Tasa: Aseme kitu, idadi na ombi: "Dokta, tulifungua mopu kumi, nina tisa. Naomba usifunge, tuitafute." Ile "samahani dokta, nadhani kuna kitu" inamezwa na kelele za mashine ya kufyonza damu. Kisha angoje dokta airudie namba ileile kwa sauti. Ukimya si jibu. Adabu imeshakaa kwenye "dokta" na "naomba".

Na asingoje mpaka ngozi ifungwe. Hesabu ni kabla ya kuchana, kabla ya kufunga mfuko wa uzazi, kabla ya kufunga tumbo, halafu wakati wa kufunga ngozi.

Mama_Trei: Hesabu nyingi huharibika mwanzoni kabisa. Pakiti yenye mopu tano ikifunguliwa, zitenganishwe mojamoja, watu wawili waone na kuhesabu kwa sauti. Ikitoka na nne au sita, itolewe yote, msijazie. Zilizolowa damu hugandana, mbili zikaonekana moja. Zikunjueni, mzipange tanotano wote wazione. Gozi (shashi ya kufutia damu) isikatwe vipande. Ndoo za taka na shuka zisitoke chumbani mpaka hesabu ya mwisho. Zamu ikibadilika katikati, hesabuni upya. "Zipo zote" si makabidhiano.

Usingizi_Salama: Isipoonekana, dokta apapase nyuma ya mfuko wa uzazi na pembeni mwa utumbo; wengine mwangalie kwenye mikunjo ya shuka, ndoo na sakafu. Bado? Eksirei kabla mama hajatoka thieta. Ila mopu zinazokatwa na kushonwa hospitalini mara nyingi hazina ule uzi wa bluu unaoonekana kwenye picha, kwa hiyo picha safi isiwatulize.

Msiruke pia sehemu ya utambulisho kwenye orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya 2008, ile iliyojaribiwa hata Ifakara. Aliyetaja jina na kazi yake kabla ya kisu hapati kigugumizi baadaye.

Zamu_ya_Usiku: Dokta akisema "endelea tu"?

Gauni_Tasa: Arudie mara ya pili, namba ileile, na mtoa usingizi aambiwe palepale. Saa na idadi viandikwe. Mama akiwa anavuja damu, dokta azuie damu kwanza. Mopu iendelee kutafutwa huku anashona.